Mtwara Niliiona, Sikushushwa

Mama, shikamoo. Nimeshafika kwa dada, hapa Shangani, Mtwara, lakini hiyo safari imenichosha roho.

Mwanza hadi Dar ndege ilikwenda vizuri. Dar hadi Mtwara wakasema ni saa moja tu, nami nikajua nitamwahi dada kabla hajajifungua. Kweli, saa moja haijaisha, mji ukawa chini yetu. Niliona bandari, nikaona hata mabati ya nyumba. Mzee niliyekaa naye, mwenye duka la vitambaa Mikindani, akagusa kioo akasema, "Tumeshafika." Mara mvua ikafunika kila kitu. Tukazunguka weee, mwisho tukarudishwa Dar. Mzee akaniambia kwa upole, "Binti, leo tumekuja kuwasalimia tu." Sikucheka.

Nikapanda basi, nikafika kesho yake miguu imevimba. Dada akanipakatisha mtoto wa kike, mzima kabisa. Akasema, "Nilikuwa leba, nikasikia ndege inazunguka juu. Nikajua ni wewe, nikapata nguvu." Nilikuwa na maneno mengi ya kulalamika, mama. Nikayaacha yote, nikambusu mtoto.

Mungu akuponye goti uje umwone. Pua ni yako.

Mwanao, Neema