Chaji ya Kurudi Nyumbani

Jumatatu, 2 Juni

Kamba imenila tena kiganja cha kulia. Nimefunga kitambaa, nikaendelea. Viroba thelathini na viwili toka asubuhi. Winchi yetu ni ya mkono, gogo na vyuma viwili vya kuzungushia, mimi upande huu, Dotto upande ule. Masanja yuko chini, mita hamsini, anagonga mwamba na kujaza. Jenereta inanguruma nyuma yangu siku nzima kuendesha feni ya hewa. Feni yenyewe imefungwa ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, haisikiki juu. Kinachosikika ni jenereta tu. Jioni kichwa kinauma hadi meno. Naichukia ile mashine.

Jumanne, 3 Juni

Bosi kanichukua twende Kahama kununua kamba mpya. Tumekwenda na gari lake jekundu, la petroli, lile la mashindano. Kwenye vumbi tulitembea kama tumebeba mayai, na bado tumbo la gari limekwaruza mawe mara nne. Kila likikwaruza Bosi anasema "pole", na si mimi anayenipa pole.

Tulipokanyaga lami akalifungulia. Sijui kuandika vizuri ilivyokuwa. Kifua kilitetemeka. Kila akibadilisha gia linapasuka nyuma kama bunduki. Watu wa barabarani wanageuka. Nilisahau kiganja, nilisahau duara, nilisahau kwamba nina miaka miwili sijafika kwetu Kasulu. Nilicheka peke yangu kama mlevi.

Lakini amejaza petroli wakati wa kwenda na akajaza tena wakati wa kurudi. Na nyuma hapana nafasi. Kamba nimeipakata njia nzima.

Alhamisi, 5 Juni

Leo Bosi kaja na jingine. La umeme, jeupe, refu kwenda juu. Limepita mashimo yote bila shida. Hatukulisikia. Dotto alikuwa anakojoa njiani, akageuka, gari liko mgongoni kwake.

Ubishi wa chai kwa Mama Rehema ulikuwa huo tu. Masanja hataki kulisikia. "Gari lazima liongee. Hilo ni friji lenye matairi."

Dotto akamjibu, "Friji hilo linaingia hadi duarani. Jekundu lako linaachwa kule juu na kufunikwa turubai."

"Mimi nazungumzia raha, wewe unazungumzia kubeba viroba."

"Wewe raha uliipata lini?"

Mama Rehema anageuza maandazi, hata hakututazama. "Mnagombania magari na wote mmekuja hapa kwa miguu. Nani hajalipa chai?"

Mimi waliniuliza. Muha unasemaje? Nikasema kuendesha ningeendesha jekundu, kumiliki ningemiliki jeupe. Masanja akasema Waha tuna matumbo mawili. Nilifurahi leo, kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Jenereta imekufa asubuhi. Ilikohoa, ikazima. Kama kawaida mikono ilianza kuzungusha kabla kichwa hakijafikiri. Tukamtoa Masanja. Kapanda na nyundo mkononi, anatukana, maana ndio kwanza ameushika mkanda wa dhahabu mwambani. Fundi kaipakia kwenye pikipiki kuipeleka Kahama. Wiki nzima, anasema.

Tulidhani tutapumzika. Bosi kaleta gari la umeme hadi ukingoni, kafungua mlango wa nyuma, kavuta waya, kachomeka feni. Ikazunguka. Gari limesimama kimya kama limezimwa, na chini kuna hewa. Masanja mwenyewe alichungulia duarani. Halafu akasema, "Basi, ni friji la maana."

Tumefanya kazi hadi saa kumi na moja. Bila moshi. Bila kelele. Leo kichwa hakiumi.

Jumatatu, 9 Juni

Masanja amekufa.

Jumanne, 10 Juni

Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kusikia inavyosimuliwa na wengine.

Bosi alifika saa mbili asubuhi jana, anacheka. Jumapili jioni alimpa rafiki yake jekundu, yeye akachukua la umeme, wakashindana kwenye lami. Jeupe liliruka mbele kabla jekundu halijashika gia ya pili. Alisema mgongo ulibanwa kwenye kiti kama mtu kamsukuma. Hakuamini, akarudia, mara sita. Usiku umeme ukakatika mtaani kwake, gari halikuchaji vya kutosha. Yote haya alitusimulia mwenyewe.

Akachomeka waya wa feni. Akasema ameliwekea kikomo. Likifika hapo litakata lenyewe umeme wa feni, libaki na chaji ya kumrudisha nyumbani Geita.

Nilisikia kwa masikio yangu. Dotto alisikia. Masanja alisikia, akaninong'oneza, "Angalau lina akili kuliko mwenyewe." Tukacheka. Akashuka.

Hakuna aliyeuliza litakata saa ngapi.

Saa saba mchana Dotto alikwenda kula. Masanja alisema anajaza kiroba cha mwisho ndipo apande. Mimi nikakaa mdomoni mwa duara, nimeshika kamba, nasubiri aivute mara mbili, ndiyo alama yetu. Bosi alikuwa ndani ya gari, vioo amefunga, kiti amelaza, anapulizwa na hewa baridi. Kila ubaridi aliovuta ulitoka kwenye chaji ileile.

Kulikuwa kimya. Nilisikia njiwa. Nilisikia wanawake wanaponda mawe upande wa pili na mmoja wao anaimba. Kabla jenereta haijafa sikuwahi kusikia vitu hivyo nikiwa kwenye winchi. Nilifurahia. Lazima niandike hilo. Nilikuwa nimekaa pale nafurahia.

Jenereta ikizima, ule ukimya unakupiga kofi. Huhitaji kuambiwa. Jana hakukuwa na kitu cha kunyamaza. Gari likitoa umeme liko kimya, likikata liko kimya.

Niliona anachelewa. Nikaivuta kamba mimi. Hapana jibu. Nikaita. Nikaita tena. Nikakimbia kwenye gari nikagonga kioo. Bosi aliamka, akatazama ile luninga ya mbele, akasema, "Imekata." Nikamuuliza toka saa ngapi. Hakujua.

Alibonyeza, akaondoa kikomo, feni ikarudi. Dotto alikuja anakimbia, mchuzi bado mkononi. Tulisubiri hewa ishuke. Sijui tulisubiri dakika ngapi. Dotto akajifunga kitambaa kibichi usoni, tukamshusha, mimi na Bosi. Bosi hajawahi kushika kile chuma. Alishika vizuri, sisemi uongo. Dotto alimkuta Masanja amekaa, mgongo ukutani, kiroba kimejaa na kimefungwa. Akamfunga kamba, tukamvuta, kisha tukamvuta na Dotto. Alikuwa anapumua.

Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Jekundu lisingeweza kuja hadi pale, hilo kila mtu anajua. Jeupe lilipita mashimo kama hayapo. Kwenye lami Bosi akalikanyaga na nikaona ule msukumo aliousimulia. Chaji ilitosha. Ndiyo ile aliyojiwekea.

Ndani ya gari lile hakuna sauti. Nilisikia pumzi ya Masanja, kila moja. Ilikuwa inakwaruza, inasimama, inarudi. Nilikuwa nazihesabu bila kutaka. Ikasimama. Nikasubiri. Haikurudi.

Bosi akauliza bila kugeuka, "Anapumua?"

Nikasema anapumua. Nilitaka asipunguze mwendo. Aliniuliza mara mbili nyingine hadi tunaingia getini hospitali, na mara zote nilisema anapumua. Bosi alikuwa analia huku anaendesha. Ingekuwa lile jekundu nisingesikia kitu. Ningefika hospitali nikiwa na matumaini.

Jumatano, 11 Juni

Nimelala hadi mchana. Sijala.

Bosi kaniita chini ya turubai. Kasema ataleta sanduku na usafiri hadi Didia, kwao Masanja. Halafu kasema tukifika kule niseme jenereta ilizima ghafla. Kasema wazee hawataelewa mambo ya gari kutoa umeme, wataona alichezea uhai wa mtoto wao. Kasema pia mimi ndiye niliyekuwa kwenye kamba, hadithi ya jenereta inanisaidia na mimi.

Hapo hakukosea. Nilikuwa kwenye kamba.

Sikumjibu. Alichukulia nimekubali.

Alhamisi, 12 Juni

Dotto kaondoka. Kasema anakwenda Nkome kwa mjomba wake, kuanika dagaa. Kasema huko chini hashuki tena hata kwa bunduki. Tumeagana kama watu wasiofahamiana.

Ijumaa, 13 Juni

Didia. Tumezika saa nane. Bosi kaja na jeupe. Sanduku lilikuja na pikapu. Watoto walilizunguka gari, wakashika milango, wakaulizana liko wapi bomba la moshi. Mjomba wa Masanja akawafukuza kwa fimbo.

Wazee waliuliza. Bosi alisimama akasema jenereta ilizima. Alisema vizuri, sauti ilimkatika mahali pake. Nadhani mwenyewe ameanza kuiamini. Wakanitazama mimi. Niliangalia miguu yangu. Wakasema ni kazi ya Mungu, wakaendelea na mambo ya chakula.

Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Bosi aliondoka kabla jua halijazama. Alinifungulia mlango. Nikamwambia nitabaki.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilimkuta mama yake Masanja ameketi nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia kwa Kisukuma kile kidogo nilichonacho, mwangaluka, mayu. Kaitikia. Akanisogezea hindi. Tukapukuchua muda mrefu.

Nikamwambia. Gari, waya, kikomo, yote. Nikamwambia na sisi tulisikia, hata mwanawe mwenyewe alisikia, na tulicheka. Nikamwambia jenereta ilikuwa Kahama.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja. Je, alikuita?

Nikasema hapana, mama. Kulikuwa kimya, nami nilikuwa juu, nilifurahia ukimya ule.

Aliendelea na mahindi. Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Vidole vyake havikusimama. Baadaye akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai, yuko Kasulu. Akauliza ana simu. Nikasema ipo ya jirani.

Akasema, mpigie.

Nilikwenda hadi kwenye kichuguu, mtandao unapatikana pale. Nikapiga. Jirani akasema mama kaenda shamba, atarudi jioni, kuna shida gani? Nikasema hakuna shida. Nikamwambia amwambie nimepiga.

Nikarudi kwenye mahindi.