Farasi wenye pembe wa soko la Kabambare

Baba Furaha wangu uliye machimboni Lusangi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia mmoja wa farasi wako wa mbao. Tumetoka kuvuna mpunga, mgongo unaniuma, na kiti kingine kiko mbali.

Unakumbuka ulivyowachonga? Kitabu cha Kifaransa walichokupa misheni kilikuwa na picha moja tu ya farasi, nusu yake imeliwa na mchwa. Ukawafunga kwenye mbao zinazozunguka ekseli ya gari bovu, ile uliyoisimamisha wima sokoni, na watoto wakacheka. "Baba Furaha, hii haiko farasi, iko mbuzi." Ulinuna mpaka jioni. Kesho yake ukawaongezea pembe, mambo yakaisha.

Ulipokuwa ukisukuma farasi wazunguke na watoto, hukuishiwa habari. Eti mchezo huu ulianzia kwa wapanda farasi wa vita, waliozunguka wakirushiana mipira ya udongo yenye manukato. Eti yale magari ya michezo yanayopanda na kushuka kwenye reli, ambayo mimi na wewe hatujayaona, yalianzia kwa Warusi walioteleza kwenye vilima vya barafu, kisha Wafaransa wakaongeza magurudumu. Nilikuuliza ni mtu gani mwenye akili atateleza kwenye barafu kwa kupenda. Ukanijibu, "Warusi walikuwa na barafu yao, Mama Furaha. Sisi tuko na mawese." Ndipo ikaanza desturi yetu: mtoto asiye na kitu alete mawese kidogo kwenye jani, tupake chuma, apande.

Mpaka leo wanaleta. Ila wewe uliona kusukuma ni aibu, ukataka moteri ya kuwazungusha farasi, ukaenda kuchimba dhahabu ya kuinunua. Nami nikabaki nasukuma kila siku ya soko, kisha narudi shambani. Nina hasira nawe na ninakutamani, na yote mawili yamenichosha. Si wewe uliyenisimulia kwamba magurudumu makubwa ya zamani ya kubeba watu juu, huko kwa Waturuki, yalizungushwa na wanaume kwa mikono, na watu wakafurahi vilevile? Ungejisikiliza, ungekuwa hapa.

Juzi alipita mfanyabiashara anayepeleka vyuma machimboni. Akaigonga ekseli kwa kidole.

"Mama, hii chuma iko muzuri. Kule Lusangi itazungusha mashine ya kusaga mawe."

"Iko na kazi hapa," nikamwambia.

Akanitazama mabega, akasema nikibadili nia nimwite. Leo asubuhi nimemwita mwenyewe, nimemwuzia. Siwezi tena, Baba Furaha. Watoto walikuja na majani yao kama kawaida, nikapaka mawese yote, nikawasukuma wote. Kisha nikawaambia washuke, vijana wakaing'oa ekseli. Hakuna mtoto aliyelia. Walisimama tu wakiliangalia lile shimo, nami nikajifanya nafunga kitenge.

Barua hii inasafiri kwenye pikipiki moja na hiyo ekseli. Ukikuta huko chuma kinachonukia mawese, kisogelee, ndicho chetu. Kizungushe mara moja kwa mkono kabla hawajawasha mashine yao. Moteri uliyokiahidi kimeipata, ila ni ya watu wengine.

Farasi nimewaingiza nyumbani. Wamejaa upande wako wa kitanda, na sitawaondoa mpaka uje uwaondoe wewe.

Ni mimi mkeo, niliyechoka,
Mama Furaha