Mababu Sita

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Niwie radhi, shajara. Tangu Pasaka sijaandika neno. Sikuwa mgonjwa. Uvivu tu.

Misa, chakula hapa kwangu Schaerbeek, Brussels, na ndugu na wenzangu wa kanisani, kisha somo la Dana, kama kila Jumapili. Dana ni Mmarekani, mchumba wa Placide, mwanangu wa pekee. Anajifunza Kiswahili ili azungumze nami. Ana bidii.

Leo ngeli ya M/MI. Nilimtaka aeleze mlima maarufu wa kwao, Rushmore, wenye nyuso za marais wanne. Akasema: "Mlima huu ni Mababu Sita. Uliibiwa." Nikamsahihisha papo hapo. Wanne, si sita. Ulichongwa, si uliibiwa. Nikawaeleza waliokuwa mezani kwamba wageni hukimbilia sita kwa sababu haichukui kiambishi, ilhali nne huwatesa: wanne, vinne, minne. Kisha nikaongeza kwamba Wamarekani hawaujui hata mlima wao.

Watu walicheka. Nami nilicheka. Shemeji yangu Béatrice akasema kwa Kiswahili cha kwetu, kilichochanganyika na Kifaransa, "Papa Mwalimu, acha mutoto akule kwanza. Grammaire haijaze tumbo." Wakacheka zaidi. Dana akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Hakumaliza sahani yake.

Somo lilikwenda vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Kwa kawaida Dana hunipigia simu Jumatano kufanya mazoezi. Hakupiga. Nilikuwa nimeshamtayarishia sentensi za ngeli ya KI/VI. Labda kazi nyingi.

Mvua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Placide alikuja peke yake. Hakuvua koti. Nilimuuliza kama Dana anaumwa. Alibaki amesimama, akasema:

"Papa, ile mulima ilikuwa ya bankambo yake. Bankambo ya upande wa mama yake. Ni sita kweli, haiko ine. Na baliiba kweli. Donc, ulimusahihisha nini?"

Bankambo, yaani mababu; haiko ine, si wanne; baliiba, waliiba. Nilisikia makosa yake yote ya upatanisho. Sikusahihisha hata moja.

Mama yake Dana ni Mlakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Milima ile ilikuwa ya watu wake, na mkataba wao na serikali ulithibitisha hivyo. Dhahabu ilipoonekana, wakanyang'anywa. Mlima wenyewe waliuita Mababu Sita kabla nyuso za marais hazijachongwa. Placide alijua miaka yote hii. Mimi sikuwahi kumuuliza Dana kwao ni wapi. Niliona pasipoti tu.

Kwa hiyo sentensi yake ilikuwa sahihi. Nomino, idadi, kitenzi, hata kauli ya kutendwa. Mimi ndiye niliyeiharibu, mbele ya watu, nikicheka.

Kuna jambo zito zaidi. Harusi ilipangwa kufungwa hapa Brussels. Mimi ndiye niliyekuwa nimpokee mama yake Dana kwa niaba ya ukoo wetu. Sasa Dana anataka ifungwe kwao. Daktari amenikataza kupanda ndege kwa sababu ya moyo. Placide anajua. Dana pia anajua.

Béatrice alipiga simu jioni. Nilimweleza. Akasema: "Bon. Tulicheka siye bote. Lakini we ndiye ulituchekesha." Kweli tupu.

Naona aibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilipanda tramu hadi mtaa wa Forest, kwenye fleti yao. Njiani nilitunga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga vizuri, vishazi vyote mahali pake. Dana alipofungua mlango yakatoweka. Nikasema tu, "Nimekosa." Akanikaribisha ndani. Placide alikuwa kazini.

Alinipa chai. Hakuniita Mwalimu wala Papa. Akanieleza kwa Kiswahili, polepole. Mababu wale ni pande sita: magharibi, kaskazini, mashariki, kusini, juu na chini. Nikamuuliza kama Wamarekani wenzake wanajua. Akasema wengi wanazijua zile nyuso tu, na hata hizo hutaja mbili kisha wakakwama. Kisha:

"Nilikuwa na miaka nane. Shuleni nilisema Mababu Sita. Mwalimu alisema hapana, wanne. Watoto walicheka."

*Minane.* Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza pamoja na chai.

Mwalimu wa kwanza alikuwa huko kwao. Wa pili ni mimi. Dana alijifunza lugha yangu ili aniambie jambo hili, nami nikamjibu kama yule mwingine. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba Jumapili ile nilitaka kuonekana ninajua.

Akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe. Nilitamani kumwomba harusi ibaki hapa. Nikajizuia; ingekuwa kama nilikwenda kwa ajili hiyo. Huenda nilikwenda kwa ajili hiyo. Sijui.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Nimekula na Béatrice tu. Aliosha vyombo, akaondoka mapema.

Placide amepiga simu. Wanazungumza na mama yake Dana wiki hii. Nilimwambia ahsante, nikamwambia wafanye linalomfaa Dana, na nikamwomba awaambie wote waliokuwa mezani kwamba Dana hakukosea. Akasema, "Baambie weye mwenyewe, Papa." Nimeanza leo, baada ya misa. Wawili nimeshawaambia. Mmoja hakukumbuka hata kilichosemwa.

Kumetulia. Majirani wa juu wamesafiri.

Harusi itafungwa hapa au kwao, bado hawajakata shauri. Watakapolikata nitaliandika hapa, hata kama halinihusishi.