Kuta Tu

4 Machi

Baba Mtoto,

Habari za huko? Sisi wazima. Mwanao ameota jino la pili na ameanza kuniuma, sijui karithi kwa nani. Na kifua chako je, vumbi halikusumbui?

Miezi minne sasa unakarabati hilo kanisa la zamani, na kila nikikuuliza habari za kazi unajibu, "Kuta tu." Mdogo wako alipita huko. Anasema siku nzima uko juu ya jukwaa la mafundi na dada mmoja anayechora ramani za majengo ya kale, mnacheka. Kuta zinachekesha nini?

Mama Mtoto

11 Machi

Mke wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi sijambo, kifua shwari. Huyo dogo ana mdomo! Mchoraji anauliza, namjibu, ndiyo kazi yenyewe. Ni habari za chokaa na mawe, ungesinzia kabla sijamaliza. Mbusu mwanangu.

Mumeo

2 Aprili

Baba Mtoto,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila safari imetuchosha. Tuko nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Barua hii anakuletea mfagizi wa kanisa.

Ndiyo, leo mchana tulikuwemo kanisani, benchi la mwisho. Na huyo dada ni mzuri kweli, sisemi uongo. Roho iliniuma. Lakini kilichoniliza ni wewe. Ulimweleza kwamba mawe ya chini waliyapasua waumini wa kwanza wenyewe, na matofali ya juu wakayaongeza wajukuu zao mnara ulipopata ufa. Kwamba dirisha la kushoto ni fupi kwa sababu mawe yaliisha. Kwamba tao halianguki kwa kuwa kila jiwe linasukumana na mwenzake. Mikono yako ilikuwa inaruka hewani kama enzi zile unanichumbia.

Miaka mitatu nimefua chokaa kwenye nguo zako, na hayo sijawahi kuambiwa. Mimi niliishia darasa la saba, masikio hayakuishia hapo.

Nilitaka kugeuza na basi la jioni. Nimekata shauri nibaki. Kesho saa mbili, kabla yeye hajaja na tepu yake ya kupimia, nitakuwa mlangoni nimembeba mwanao. Usianze kuniomba radhi, utatupotezea muda. Anzia kwenye msingi, unieleze polepole mpaka mnarani. Pasipoeleweka nitauliza.

Mama Mtoto