Lori Lililokataa Kuwaka Bugarama

Biharamulo,
wiki ya pili baada ya Pasaka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua Anjelina hajamaliza kulitamka neno hilo na wewe umeshaitikia marahaba, tena kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Hujambo lakini? Goti linakuruhusu kufika kanisani, au bado rozari unasalia kitandani? Na yule mbuzi mkorofi, bado anaingia kwenye mihogo ya shangazi na kuwagombanisha bure? Mimi ni mzima. Homa ilinipata kidogo wakati wa Kwaresima, nikanywa kwinini mpaka masikio yakavuma, ikaondoka. Chakula nakula. Ndizi, maharage, na samaki wakavu wanaoletwa kutoka ziwani. Huko Ngara kwa Wahangaza ukiulizia ugali wanakutazama kwa huruma, wanadhani tumbo linakuuma.

Dada Anjelina, soma polepole. Usiruke mistari, nakujua.

Mama, barua yako niliipata. Umeniambia mambo mawili. Kwanza, yule binti wa Mzee Aloisi jirani yetu amemaliza kufundishwa na masista, na wewe unamwona anafaa, basi nirudi Tabora nioe. Pili, umesema, "Usinifanyie kama baba yako." Hilo la pili nimelisoma mpaka karatasi imechakaa pale penye mkunjo. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo, ila ili unielewe nivumilie kwanza nikusimulie habari za lori.

Tajiri wangu ni Mzee Sefu. Nilikwisha kukueleza habari zake, ni Mwislamu, wazee wake walitoka pwani wakafungua duka hapa Biharamulo tangu wakati wa Mjerumani. Ana lori moja, na mimi ndiye dereva na ndiye fundi. Msaidizi wangu ni Hamisi, mtu mzima mwenye wajukuu, anayejua kuzungusha hendeli ya kuwashia injini na kulalamika, vyote kwa pamoja. Tunapeleka chumvi, nguo na mafuta ya taa Ngara, tunarudi na ngozi na kahawa. Njia ni ndefu. Ukipita Nyakanazi pale njia panda ni pori tupu, mbung'o wanakuuma juu ya shati. Kwa hiyo tukifika Bugarama huwa tumechoka kabisa, na tunalala kwa mkulima mmoja Mkatoliki mwenye migomba mingi na kahawa, jina lake Mzee Leonsi.

Mzee Leonsi ana binti, anaitwa Skolastika. Haya, Mama, nimelisema. Pumua.

Siku ya kwanza alinikuta nimelala chali chini ya gari nakaza nati. Akainama, akanitazama, akaniuliza, "Kwani kwenu hakuna vitanda?" Nikacheka mpaka spana ikaniangukia kifuani. Basi tangu siku hiyo kila nikikaribia Bugarama lori lenyewe naona linakwenda taratibu mno. Mwaka mzima nimelinyamazia jambo hili. Mwishowe nikamwambia Mzee Sefu, naye akasema, "Mwanangu, mtu hajiposei. Safari hii nakwenda nawe, nitakusemea."

Tukaenda. Tulifika alasiri, tukawekewa mikeka. Kwao pombe ya ndizi wanaiita urwagwa, inakaa katika vibuyu, na mnainywa kwa mirija. Mzee Sefu hanywi, akaletewa maziwa. Akasema vizuri sana, Mama, kile Kiswahili chao cha pwani kinachoteleza, hata mimi nikajiona mtu wa maana. Mzee Leonsi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu kijana ana wazazi?"

"Baba yake alichukuliwa mpagazi katika vita vya wazungu, hakurudi," Mzee Sefu akamjibu. "Mama yake yupo, yuko Tabora."

"Na huyo mama amesemaje?"

Mzee Sefu akanigeukia. Mimi nikatazama mkeka. Nikasema, "Nitamwandikia."

"Kwa hiyo hajui kwamba uko hapa unaomba mke?"

"Hajui, Mzee."

Akauweka mrija wake chini. Akasema, "Wageni wangu, chakula kinakuja," akatoka, na neno la posa hakulitaja tena. Tulikula. Mimi nilijua nimekataliwa. Roho iliniuma, Mama, nisikufiche. Nilijilaza nikiwaza kitu kimoja tu, kukipambazuka niondoke kabla Skolastika hajatoka kufagia uwanja.

Sasa ndipo lori nalo likanigeuka.

Kulipokucha Hamisi alishika hendeli, akazungusha. Injini ikazunguka vizuri, ikakohoa kidogo, kimya. Akazungusha tena, ikazunguka, kimya. Zamu yangu, ikawa vilevile. Tulizungusha mpaka mashati yakalowa, na majirani wakaanza kukusanyika, wengine na majembe begani, kila mmoja na ushauri wake. Skolastika naye akatoka na ufagio wake. Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

"Limefungwa hili," Hamisi akasema, kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Wenye mji hawakututaka. Tumefungiwa gari."

"Nyamaza, zungusha," nikamwambia.

Fundi wangu wa Tabora alinifundisha kwamba injini inayozunguka bila kuwaka usiipige wala usiitukane, iulize. Inataka mafuta, inataka moto, inataka pumzi, basi. Nikaanza na mafuta. Petroli yetu tunaibeba katika madebe, na debe moja likioshwa vibaya maji yanaingia. Nikafungua mrija unaoingia kwenye kabureta, petroli ikatoka safi, hakuna tone la maji. Nikaja kwenye moto. Nikang'oa plagi moja, nikailaza juu ya chuma cha injini na waya wake, Hamisi akazungusha, cheche ikaruka ya buluu kabisa. Wale majirani wakapiga kelele za furaha, wakadhani gari limepona. Nikatazama pumzi, mdomo wa kabureta uko wazi, si nyigu waliojenga humo, si kitambaa kilichosahauliwa. Vyote vitatu vipo, na gari haliwaki. Nilianza kumwamini Hamisi, Mungu anisamehe.

Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa kabureta, nikamwambia azungushe tena polepole. Ikavuta, nikasikia kiganja kinanyonywa. Halafu, badala ya kuendelea kuvuta, ikanitemea. Mkono wote ukalowa petroli. Nikarudia, ikavuta, ikatema. Hapo nikakaa chini kwenye majani nikafikiri. Pumzi inaingia, halafu inarudi kulekule ilikoingilia. Mtu hafanyi hivyo isipokuwa hana pa kuitolea.

Nikaenda nyuma ya lori. Bomba la moshi limezibwa. Majani makavu ya mgomba yamekunjwa yakawa kizibo kigumu, kimesukumwa ndani mpaka mwisho, juu yake kikafungwa kwa kamba ya mgomba, kazi safi ya mtu asiye na haraka.

Mama, unazijua hasira zangu. Zilinipanda. Nikakichomoa kile kizibo kwa bisibisi, nikasimama nacho katikati ya uwanja. Nikaona kila kitu kwa namna moja, wamenikataa, halafu wamenichezea. Na Mzee Leonsi huyoo anatoka kwenye migomba yake, panga mkononi, uso umekunjuka.

"Rori yako imerara vizuri?" akaniuliza. Hivyo ndivyo wanavyosema huku.

"Nani amefanya hivi?" nikamwonyesha.

"Mimi."

"Kama hunitaki, Mzee, si ungesema? Mdomo unao. Kulikuwa na haja gani ya kuniulia gari mbele ya watu?"

Mzee Sefu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Punguza, mwanangu, punguza." Lakini Mzee Leonsi hakukasirika. Alikitazama kile kizibo, akalitazama lori, akanitazama mimi, na nikaona kwamba kweli hajui nasema nini.

"Nimekuulia?" akasema. "Nimekulindia! Lilikuwa wazi nyuma. Nyoka angeingia. Mtu mbaya angetia dawa, kesho ukiugua njiani waseme Leonsi kamdhuru mgeni. Chombo hakiachwi wazi hivyo."

Skolastika ndiye aliyekuja akanielewesha, ufagio mkononi, sauti chini. Kwao kila kibuyu kinazibwa kwa majani ya mgomba kabla watu hawajalala. Mgeni wa kupita huziba chake mwenyewe, mwenye nyumba hakigusi, asije akashukiwa. Anachokiziba mwenye nyumba kwa mkono wake ni chombo cha mtu wa nyumbani.

"Umelala kwetu mara ngapi?" akaniuliza. "Aliwahi kuligusa gari lako?"

Hakuwahi, Mama. Hata siku moja.

Nilipiga magoti pale pale. Mzee Leonsi akaniinua kwa kwapa, akacheka, akasema tukae. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike barua hii. Alisema, "Binti yangu sijakunyima. Mimi nina mwana wa kiume, mkubwa wao. Alikwenda Uganda kutafuta kazi, akaoa huko, hakutuambia. Tulisikia kwa watu. Mama yake mpaka leo akisikia hodi anaacha chungu motoni. Wewe unataka nimtie mama mwingine katika hali hiyo? Mwandikie. Akisema ndiyo, njoo. Akisema hapana, mimi sina neno, na wewe usiwe na neno."

Mkewe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Lakini niliona mikono yake imesimama.

Hendeli ilizungushwa mara moja tu na lori likanguruma, majirani wakakimbia huku wanacheka. Hamisi akadai alijua tangu mwanzo. Nami njia nzima, tangu Bugarama mpaka tumeivuka Nyakanazi, nilikuwa nakuwaza wewe. Nilifikiri nimekuja huku kutafuta riziki na nitarudi nikipenda, basi. Sikuwahi kujiuliza wewe huko unaishije katika hizo siku nisizoandika. Baba hukuwahi kumkalia matanga, kwa sababu hakuna aliyekuletea habari. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyokuwa ukiwauliza watu wote waliorudi, hata wasiomjua.

Salamu nyingi kwa shangazi, mwambie mbuzi ni wake nusu sasa, kwa jinsi alivyonenepeshwa na mihogo yake. Salamu kwa mjomba aliyenilipia kwa fundi, na kwa shemeji yangu, mume wa Anjelina, mwambie yale mabuti nitamletea mwenyewe. Mpe pole binti wa Mzee Aloisi. Ni msichana mwema, hakunikosea kitu. Mzee Sefu anakusalimu sana, anasema umezaa mtoto mwenye kichwa kigumu lakini mikono mizuri.

Sasa nakuomba, Mama. Nataka kumwoa Skolastika, na nikimwoa nitakaa huku. Kazi yangu iko huku, na moyo wangu nao, sitakudanganya. Ukikubali, kahawa ikishavunwa Mzee Sefu ananipa lori nije mwenyewe kukuchukua, uje uwaone, ukae mbele kanisani, na ukitaka kubaki ubaki. Ukikataa, nitarudi Tabora. Nitalia, lakini nitarudi, na sitakununia.

Baba walimkamata njiani akitoka sokoni, wakamtwika mzigo, akaenda. Hakupata nafasi ya kufika mlangoni kukuambia, wala kusikia utasema nini. Mimi ndiyo nimesimama mlangoni, Mama. Sijaondoka. Nasubiri useme.

Mwanao,
Paskali