Insha ya Kisima

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Uji una mchanga tena. Insha imerudi. Mwalimu wa Kiswahili kaandika chini kwa wino mwekundu: "Hoja zipo. Ila nimesinzia." Kaisoma na darasani, wakacheka. Namchukia. Kweli niliiandika kwanza kwa Kiingereza, nikaitafsiri, imefia njiani. Lakini hii si insha ya kutafuta alama. Bibi anahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na huko hakuna kisima. Jumamosi Katibu Tarafa anakuja shuleni kusikiliza insha. Atanisikia. Kisima kwanza, watu baadaye. Basi.

Jumatano, 7 Agosti
Nimechana karatasi tena. Nikiandika tu "Ndugu Katibu" nafuta. Mimi hata kuomba chumvi mezani siwezi. Akikasirika, hasira zitamshukia Bibi.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepata! Katibu ni Mzaramo. Mtani wetu sisi Wanyamwezi, tangu babu zetu walipopita kwao wamebeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Mtani mwambie lolote, haruhusiwi kukasirika. Nimeandika bila kufuta: "Ndugu Katibu, Wazaramo wenzako walituita punda wa Bagamoyo. Sawa. Lakini punda yule alinyweshwa maji. Wewe unampeleka bibi yangu kwenye kiu." Mwalimu kasoma. Hakusinzia.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimesoma mbele ya wote, sauti ikatoka. Ukumbi ulilipuka. Katibu alicheka hadi akafuta machozi. Akasimama: "Nyie Wanyamwezi! Mkikaa bila mzigo kichwani si mtaugua?" Wakacheka tena. Kanipa zawadi ya kwanza, kalamu. Nikamfuata nje, nikamwuliza kwa kunong'ona: na kisima je, shikamoo? Hata salamu niliiweka nyuma. "Hujachoka tu kunitania, mtani!" Akapanda gari, anacheka.

Nilitafuta maneno yasiyomkasirisha. Nikayapata. Mjinga mimi! Afadhali angenizaba kofi, ningejua kasikia.

Jumapili, 1 Septemba
Nimepewa ruhusa kwenda kwa Bibi. Kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Kisima hakuna. Asubuhi tumerudi kuchota kwenye kile chetu cha zamani. Ndoo kichwani, jua hadi utosini. Njiani Bibi alisimama, akaniwekea ngata sawa, tukaendelea.

Jioni nimeanza insha upya, kwa kalamu ile ile. Humu hakuna mahali pa kucheka.