Tano-Sita Fupi

Jumatatu, 1 Novemba

Kibandani msituni, digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Risasi zimefika — na si zenyewe!

Kwenye redio ya upepo nilimwambia shemeji Yefim, mwana wa mama mkwe: tuletee tano-sita. Katuma tano-sita kweli. Ndefu! Kipenyo ni kile kile, milimita tano nukta sita, ila ganda lake ni refu kama kidole na limeshiba baruti. Kwenye bunduki yetu ndogo haliingii hata kwa dawa. Sisi twataka zile fupi, za kindi na soboli, kale kamnyama ka manyoya ya bei. Neno moja tu, "fupi", likanishinda kutamka. Jirani aliyezileta kwa pikipiki ya theluji ameshaondoka, na Yefim mwenyewe haji hadi mwisho wa mwezi.

Fupi zilizobaki: thelathini na moja. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema basi, atapiga yeye peke yake, risasi moja soboli mmoja. Sikubisha. Nani ambishie Matryona kwa bunduki?

Alhamisi, 4 Novemba

Nimejaribu zile ndefu. Tunayo bunduki inayozipiga, ya marehemu baba mkwe, yaning'inia mlangoni kwa ajili ya mbwamwitu. Mbwa wetu Buska akampandisha soboli juu ya msonobari, nikapiga. Ole wangu! Mnyama mwenyewe hata paka anamzidi. Upande mmoja tundu dogo, upande wa pili hakuna kitu, manyoya yamesambaa juu ya theluji.

Mama akaiinua ile ngozi, akanichungulia kupitia tundu. "Nakuona, mkwe," akasema. Siku nzima hakuniacha — eti nilienda kuwinda au kupasua miamba.

Nimemchunia soboli zake miaka kumi na tisa. Ilikuwa kazi kulitafuta tundu. Jichoni, basi, au chini ya sikio, ngozi nzima kama haikuguswa! Naye haoni ajabu. Anafuta grisi yote kwa petroli ili chuma kisigande, anaziweka risasi kifuani kwa sababu baruti ikipoa inakuwa vivu, anasogea, anangoja. Kuna watu wamejaliwa. Namwonea fahari kuliko ninavyoweza kumwambia.

Jumanne, 9 Novemba

Amekosa. Mara mbili, soboli yule yule, hatua ishirini na tano. Ya tatu ikampata mbavuni.

Akasema upepo. Hapakuwa na upepo. Moshi wa kibanda ulisimama wima.

Ijumaa, 12 Novemba

Mbavuni tena. Na mwingine mguuni. Nachuna tu.

Jumatano, 17 Novemba

Sasa najua.

Asubuhi nilitoka kuchota barafu ya chai. Nilipofungua mlango kurudi, nilimkuta ameketi kitandani na bunduki, analilenga fundo la gogo ukutani. Ganda tupu ndani ili pini isiharibike. Klik. Anavuta, klik. Na bunduki iko bega la kushoto! Miaka sitini na minane ameishika kuliani. Na pale shavuni, kushoto, alama nyekundu — chuma cha baridi kimemuunguza. Maana yake hata nje, akiwa peke yake, anafanya hivyo hivyo.

Hakuishusha. Akaniambia jicho la kulia limeingia ukungu tangu kiangazi.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Wanangu wote wananisumbua, na huyu naye kaja uzeeni."

Nilicheka, kisha nikalia, mjinga mimi. Nikamwambia hospitali wanautoa, si kitu kikubwa. Anajua. Machipuko ataenda, barafu ya mto ikikatika. Ila akitoka msituni sasa, Yefim hatamrudisha. Aliapa mbele yetu sote: siku mama atakapoanza kukosa, siku hiyo hiyo anapanda pikipiki yake na kwenda kukaa kwake kijijini, chumba cha nyuma, na televisheni. Mama alikaa humo wiki mbili mwaka juzi. Alirudi amenyauka.

Ameniomba nisimwambie Yefim. Nimekubali. Kudanganya sitadanganya, lakini sitaanza mimi.

Jumapili, 21 Novemba

Shingoni!! Kwa kushoto! Kitasa cha bunduki kiko upande wa kulia, kwa hiyo inambidi avushe mkono juu, taratibu kama anayemfunika mtoto, ndipo aweke risasi nyingine. Hakuhitaji nyingine.

Jioni mmoja zaidi, chini ya sikio. Nimelitafuta tundu. Nimelitafuta! Mwanamke huyu amejifunza upya kazi ya maisha yake kwa siku chache, kwa kulenga ukuta. Mimi hata sukari kwenye chai nisingeweza kuikoroga kwa kushoto.

Jumamosi, 27 Novemba

Yefim amefika saa tano asubuhi. Kaleta fupi, maboksi manne. Kanywa chai, kala supu ya paa, kisha kashusha ngozi kwenye kamba moja moja. Yeye naye ni mwindaji, matundu anayasoma. Kafika kwenye zile za mbavu. Akauliza nani kapiga hizi. Nikatazama jiko.

"Mimi," mama akasema.

Yefim hakupaza sauti. Kaenda nje, kapachika kiberiti kwenye tawi, kahesabu hatua thelathini kurudi, kampa mama bunduki ndogo. Kaniomba nimfungie mama mizigo yake, iwe tayari kabisa. Ndiyo maana niko ndani. Sijafunga kitu. Naandika kwa penseli, dirisha nimelikwangua barafu nichungulie.

Mama ameipokea. Ameitia begani — kushoto, waziwazi, mbele yake.

Yefim: "Mama, tangu lini kushoto?"

"Tangu la kulia lilipostaafu. Sogea, unaniziba na hili."

Amesogea. Mama anangoja, ndivyo alivyo.

Mlio. Mdogo, kama kijiti kikavu.

Kutoka hapa siwezi kukiona kiberiti. Yefim anauendea mti, polepole, theluji inalia chini ya viatu. Mama hamsubiri, kama ajuaye ilikofika. Amemgeuzia mgongo, anakung'uta buti mlangoni, ananiuliza kama kuna chai —